Mkaguzi na Sentensi ya Tatu

Kata yetu ilikuwa na shule sita za msingi za serikali, na kabla sijaeleza habari za mtu ninayemkusudia ni lazima niziweke shule hizo mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe asingekubali nianze kwingine. Mbili zilikuwa juu, penye mawe makubwa, ambako watumishi wa mjini wamejenga. Mbili zilikuwa kandokando ya barabara iendayo Nyakato, na wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Ya tano ilipakana na soko. Ya sita ilikuwa chini kabisa, ufukweni, jirani na mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki na akina mama huanika dagaa. Uwanja wake wa mpira uliishia kwenye matete. Katika hiyo ya sita nilifundisha darasa la tatu kwa miaka saba.

Shule hizo zilifuata mtaala mmoja, zilipokea vitabu kutoka ghala moja, na walimu wake tulisoma vyuo vilevile. Hata hivyo kila mwaka zilipangwa, ya kwanza hadi ya sita, na orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Wazazi walikuja kuisoma kabla ya kuandikisha watoto. Aliyekuwa na ndugu wa kumpokelea mtoto mlimani alimpandisha mlimani. Sisi wa ufukweni tulibaki na watoto ambao wazazi wao hawakupata nafasi ya kuusoma ubao.

Aliyeisimamia orodha hiyo tulimwita Mkaguzi. Serikali ilikwisha kukipa cheo chake jina jipya, mthibiti ubora, na jina hilo liliandikwa mlangoni pake kwa rangi nyeupe. Lakini katika miaka yote ile sikupata kumsikia mtu akisema kwamba Mthibiti amekuja. Kwetu tulisema, "Mkaguzi kashuka," kwa maana hapakuwa na njia ya kufika kwetu isipokuwa kushuka.

Alishuka kwa miguu, kabla ya kengele ya kwanza. Masika yalipogeuza njia kuwa tope alivua viatu na soksi huko juu, akavibeba mkononi pamoja na kaunta buku lake, akafika akiwa pekupeku kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Aliosha miguu bombani, akaketi kwenye ngazi ya ofisi, akavaa soksi moja, akainyoosha, kisha ya pili. Watoto waliokuwa mstarini walimtazama. Yeye hakuona sababu ya kujificha. Nilipata kumsikia akimwambia mwalimu wa zamu, aliyekimbia kumletea kiti: "Kiti peleka darasani, kuna watoto watatu wamekaa chini. Mimi nina ngazi."

Jambo la kwanza aliloliomba katika kila shule lilikuwa maji ya kunywa, na si ya chupa. Alitaka kikombe kilekile cha wanafunzi, kutoka ndoo ileile. Alikunywa taratibu, akarudisha kikombe, akaandika. Katika shule moja ya mlimani walimletea maji ya dukani juu ya sinia. Aliyashukuru, akayaweka kando, akatoka mwenyewe kuitafuta ndoo. Alikuta haina kifuniko. "Shule ambayo mgeni hawezi kunywa maji ya wanafunzi," alisema, "matokeo yake nitayasoma kesho." Na kweli aliondoka, akarudi kesho yake.

Jambo la pili lilikuwa mwendo. Aliamini kwamba huwezi kulinganisha watoto wawili mezani kabla hujajua kila mmoja ameifikiaje meza hiyo. Aliwahi kutembea na wanafunzi wangu baada ya kengele ya mwisho, saa mkononi, hadi nyumba ya mwisho kule nyuma ya miamba, akarudi jioni akiwa na vumbi hadi magotini na orodha ya dakika. Fomu ya kulinganisha shule haikuwa na nafasi ya dakika hizo. Basi alichukua rula akachora safu mpya pembeni mwa kila fomu, akaipa kichwa "Mwendo", akaijaza. Ofisi ilizirudisha fomu na kumtaka atumie zilizo safi. Alitii. Mwaka uliofuata alichora tena. Sijui mchezo huo ulikuwa umeanza lini, ila niliushuhudia mara saba, na pande zote mbili hazikupata kukasirika.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba ndani yake mlikuwa na watu wawili waliokuwa hawapatani. Orodha hakuipenda. Alisema kupanga shule kwa namba ni kama kupanga ndugu kwa urefu: si uongo, ila hujasema lolote juu yao. Na bado hakuna aliyeitengeneza orodha hiyo kwa makini kuliko yeye. Alirudia hesabu mara tatu, mara ya mwisho akianzia chini kwenda juu. Mwalimu mkuu wa shule iliyozoea kuongoza alimtania siku moja kikaoni.

"Mkaguzi, usijisumbue na hesabu. Sisi namba moja tumeizoea."

"Najua," alijibu bila kuinua uso. "Na watoto walioshiba umewazoea pia. Hongera kwa yote mawili."

Kalamu yake haikumpisha mtu. Alisahihisha matangazo ya ukutani, ratiba ya uji, barua za wazee wa mtaa. Niliwahi kumwandikia kuomba kukosa mafunzo ya walimu ili nikamwone dada yangu "alielazwa" hospitali. Barua ilirudi siku hiyohiyo, "aliyelazwa" ikiwa imeandikwa juu kwa wino mwekundu, na chini yake maneno manne: "Ruhusa umepewa. Sarufi bado." Dada aliponihadithia ugonjwa wake nilimwonyesha barua hiyo, akacheka hadi muuguzi akaja.

Sasa niseme lile ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelisema. Mkaguzi alitoka visiwani, upande wa Nansio. Zaidi ya hapo sikuuliza. Katika kuandika, herufi zake hazikuwa na dosari. Katika kusema, hakuwa na "l". Palipostahili "l" aliweka "r", kila mahali, kwa utulivu, na hakusikia tofauti. Maneno yake niliyoyanukuu hadi hapa nimeyaandika kama ambavyo angeyaandika yeye. Sisi tuliomsikiliza hatukuwa na haki ya kumcheka, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na ugonjwa huohuo uliogeuzwa: mwalimu wetu wa michezo, Msukuma wa Magu, alikuwa anatangaza "lobo saa" ya mapumziko tangu nimfahamu. Ila chumba cha walimu ni chumba cha walimu, na humo ilisemwa kwamba Mkaguzi anaandika kwa mkono wa kulia na kusema kwa mkono wa kushoto.

Mwalimu Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Madam, hakushiriki utani huo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye subira, aliyeshika shule ile wakati hakuna mwingine aliyeitaka. Watoto wetu walikuja na lugha nne au tano za nyumbani, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na kovu lake. Kwa hiyo Madam aliweka imla kila asubuhi, kuanzia darasa la kwanza, na juu ya imla hiyo aliweka sheria moja ambayo watoto waliikariri kama sala: "Usiandike unachodhani. Andika unachosikia." Mtoto anayedhani, alituambia, huandika lugha ya mama yake. Mtoto anayesikia huandika neno lililosemwa. Nami niliifundisha sheria hiyo kwa moyo wote.

Mwaka mmoja kabla Mkaguzi hajastaafu ulikuja uamuzi kutoka juu: mwalimu mkuu ambaye shule yake ingeshika mkia miaka mitatu mfululizo angevuliwa madaraka. Sisi tulikwisha kushika mkia mara mbili. Mtihani wa mara ya tatu ungekuwa imla ya darasa la tatu, yaani darasa langu.

Mkaguzi, ili kuondoa upendeleo, alitunga utaratibu mpya: hakuna mwalimu atakayewasomea wanafunzi wake. Wasomaji wangebadilishana shule, na mwalimu wa darasa angekaa nje. Ulikuwa utaratibu wa haki, na sote tuliusifu. Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, mtaro wa chini ukafurika, na msomaji aliyepangiwa kwetu akapiga simu kwamba hawezi kuvuka. Mkaguzi alivua viatu akashuka mwenyewe.

Nilisimama nje, hatua nne kutoka dirishani, kama ilivyoagizwa. Madirisha yetu hayakuwa na vioo. Sentensi zilikuwa kumi, na ya tatu iliandikwa hivi katika karatasi yake: "Fahali wa babu amelala mahali pazuri." Aliisoma mara mbili, polepole, kwa sauti ya mtu asomaye kanisani: "Fahari wa babu amerara mahari pazuri." Niliona vichwa vikiinama. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua kalamu, akamtazama, akasubiri, kisha naye akaandika. Nilikuwa na sauti, na dirisha lilikuwa wazi. Sikusema neno.

Matokeo yalitumwa katika kundi la watsapu la walimu wakuu siku ya Ijumaa. Tulikuwa wa sita. Mwalimu wa michezo, alipoona karatasi zetu, alisema sentensi ya Mkaguzi haina ng'ombe tena, ina harusi: fahari ipo, mahari ipo, kilichokosekana ni bwana harusi. Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu barua ilikuwa imefika.

Ilikuwa barua ya kujieleza, imeandikwa na Mkaguzi kwa mkono wake. Alikuwa amegundua, kwa uangalifu uleule aliotumia kwa kila kitu, kwamba darasa zima lilikosea maneno yaleyale kwa herufi zilezile. Makosa yanayofanana hivyo, alieleza, hayatokani na ujinga. Yanatokana na mtu mmoja aliyewapa majibu. Madam alipewa siku saba kueleza kwa nini asishitakiwe kwa udanganyifu.

Nilimfuata ofisini.

"Madam, mimi nilisikia. Nilikuwa dirishani."

"Na mimi nilikuwa hapa, nikasikia. Sauti ile ukuta hauizuii."

"Basi tuandike."

"Tuandike nini? Kwamba mzee wa watu hawezi kusema 'fahali'? Amebakiza mwaka aende kwake. Barua hiyo ikisomwa kikaoni ataondoka na jina gani?"

"Na wewe utaondoka na jina gani?"

"Mimi nitarudi darasani. Darasani si jela, mwanangu." Alikuwa anapanga vipande vya chaki kisandukuni, vizima upande mmoja, vilivyokatika upande wa pili. Mkono ukasimama. "Ila wale watoto wameandikwa wezi," alisema. Akarudi kupanga chaki.

Siku tano zilipita na karatasi ya majibu ilibaki nyeupe mezani pake. Siku ya sita, saa tisa alasiri, watoto walipokwisha kwenda, Mkaguzi alishuka mwenyewe bila kuitwa. Kuanzia hapa nitayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa kuwa vinginevyo hayaeleweki.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, Mwarimu." Aliingia katika darasa langu, akaweka karatasi juu ya dawati, akazilinganisha kingo. Madam alisimama karibu na mlango. "Mwarimu Mkuu, sikupenda kusubiri barua. Watoto hukosea kira mmoja kwa njia yake. Hawa wamekosea kama jeshi. Nani ariwasomea kabra yangu?"

"Hakuna, Mkaguzi."

"Basi nani ariwaambia waandike hivi?" Alikuwa amebonyeza kidole juu ya neno la kwanza la sentensi ya tatu.

Madam alitazama sakafu. Nilielewa kwamba hatasema, hata kama angeulizwa mpaka giza liingie. Nilikuwa mdogo kwa wote wawili, na katika malezi yangu kijana hamrekebishi mzee ulimi. Lakini nilikumbuka kwamba kulikuwa na kitu kimoja ambacho mzee huyu hajapata kumnyima mtu.

"Mkaguzi," nilisema, "naomba nami nipimwe. Nisomee sentensi ya tatu, niandike ubaoni."

Alinitazama juu ya miwani. Ombi lilimpendeza; niliona. "Haya. Shika chaki."

Alisoma. Niliandika nilichosikia, kwa mwandiko wangu bora: Fahari wa babu amerara mahari pazuri.

"Umekosea maneno matatu, Mwarimu," alisema kwa huzuni ya kweli. "Na wewe una cheti."

"Naomba unisomee tena."

Alisoma tena, polepole zaidi, akiligawa kila neno vipande. Nilifuta. Nikaandika vilevile, herufi kwa herufi. Mara ya tatu hakusoma kwa sauti. Niliona midomo yake ikicheza, ulimi ukitafuta mahali pa kukaa. Alitazama ubao, akatazama karatasi zilizo mkononi, akarudi ubaoni. Kutoka mwaloni zilisikika sauti za akina mama wakikusanya dagaa kabla ya mvua.

"Mwarimu Mkuu," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Wewe urisikia?"

"Nilisikia, Mkaguzi."

"Siku ire tu, au siku zote?"

Madam alisogea hatua moja. "Siku zote. Lakini sisi tunakuelewa, mzee wetu. Haijawahi kutusumbua."

"Nyinyi mnanierewa," alisema. "Mtoto hakuja kunierewa. Arikuja kuandika."

Alizikusanya karatasi, akazigonga juu ya dawati mpaka kingo zikalingana, akaziweka ndani ya kaunta buku. Mlangoni alisimama akamwinamia Madam kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Akaondoka.

Wiki iliyofuata imla ya darasa langu ilirudiwa kwa sentensi nyingine, ikasomwa na mwalimu wa kike kutoka shule ya sokoni. Tulishika nafasi ya tatu. Barua ya kujieleza haikuulizwa tena. Mkaguzi alishuka kwetu mara chache zaidi kabla ya kustaafu. Alikunywa maji, aliuliza mwendo, ila hakusoma tena kitu kwa sauti mbele ya watoto. Aliwapa kitabu wao, wamsomee. Juu ya siku ile hakuniambia lolote, nami kwa muda mrefu nilidhani nimemvunja.

Miaka ilipita. Nilikwenda kusoma zaidi, nikawa mkufunzi wa chuo cha ualimu, na mwaka juzi nilivuka kwa kivuko kwenda Nansio kuwaona wanachuo wangu walio katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule ya pili niliyoitembelea nilimkuta nje ya ofisi, amevaa kofia ya ukili, akikagua mfuniko wa tangi la maji. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba." Alinitazama kitambo, kisha akamgeukia mwalimu mkuu wa pale. "Huyu ndiye ariyenipima. Niripata sifuri."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja shule aliyosoma. Tuliketi kwenye benchi la wageni. Tuliongea juu ya Madam, juu ya barabara ya chini ambayo sasa imewekwa kokoto. Hatimaye nilimuuliza kile nilichokibeba miaka yote: aliandika nini katika taarifa yake ya imla ile.

"Mkubwa wangu ariniambia niandike kwamba mvua iriharibu usikivu," alisema. "Arikuwa ananihurumia. Arisema, 'Mzee, andika mvua, uende nyumbani kwa amani.' Na mvua irikuwepo kweri. Hakuna ambaye angeniita mwongo."

"Kwa nini hukuandika mvua?"

Alinishangaa kidogo, kama vile mkufunzi mzima hakustahili kuuliza swali hilo.

"Kwa sababu mvua irinyesha kata nzima, Mwarimu. Jambo ririronyesha kwa shure zote sita harierezi tofauti ya moja. Nirizipanga sababu zote, moja baada ya nyingine, kama nirivyokuwa nazipanga shure. Mtihani urikuwa mmoja. Karatasi zirikuwa zirezire. Mvua irikuwa yetu sote. Kiricho tofauti ufukweni kirikuwa mimi. Basi niriandika hivyo."

"Uliandika neno kwa neno?"

"Neno kwa neno: msomaji ndiye ariyekosea, wanafunzi wameandika sawasawa. Na jina rangu chini."

Nilimwambia kwamba nilimwogopea siku ile. Kwamba nilidhani nimemwaibisha. Alitafakari, kofia ikiwa juu ya goti.

"Aibu iripita," alisema. "Irichukua kama wiki mbiri. Kama ningeandika mvua, ningekuwa nayo hapa mpaka reo." Kisha akaniuliza kama mwanachuo wangu aliyefundisha darasa la nne amekwisha kula, maana uji wa pale ulikuwa unapoa.

Madam aliongoza shule ya ufukweni kwa miaka minne baada ya taarifa hiyo, akastaafu na cheo chake. Imla ya kata siku hizi husomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, na mtoto ambaye hajaelewa neno huruhusiwa kuuliza.